Mkono Mtupu Haulambwi: Kura, Mshahara na Ushindani wa Vyama katika Ekiti



Jumamosi ya tarehe 21 Juni, 2014, wananchi wa jimbo la Ekiti, kusini-magharibi ya Nigeria, walipiga kura kumchagua gavana. Aliyekuwa madarakani, Dakta Kayode Fayemi wa chama cha APC, ni msomi aliyepata shahada yake ya udaktari katika Chuo cha King's, London. Alikuwa ametengeneza barabara, ameanzisha posho ya naira 5,000 kwa mwezi kwa wazee wasiojiweza, na magazeti ya Lagos yalikuwa yakimsifu. Mpinzani wake, Ayodele Fayose wa chama cha PDP, alikuwa amekwisha kuwa gavana wa jimbo hilohilo tangu 2003, akaondolewa na Baraza la Kutunga Sheria mwaka 2006 kwa tuhuma za fedha za mradi wa kuku, tuhuma ambazo yeye alizikanusha. Kura zilipohesabiwa, Fayose alipata 203,090 na Fayemi 120,433. Jimbo lina wilaya 16 za serikali za mitaa. Gavana aliyekuwa madarakani hakushinda hata moja.

Siku ya pili yake Fayemi alikubali kushindwa, jambo ambalo si la kawaida katika siasa za nchi ile, ingawa baadaye chama chake kilikwenda mahakamani na hakikufanikiwa. Lakini kukubali kwake hakukumaliza mjadala. Tangu siku ile watu wa Ekiti wamekuwa wakibishana wao kwa wao: Je, walichagua, au walinunuliwa? Na aliyenunuliwa ni nani, mwenye njaa au mwenye mshahara?

Ili mabishano hayo yaeleweke, ni lazima ifahamike Ekiti ni mahali gani. Ni nchi ya vilima na mashamba, ya watu wa kabila la Wayoruba, iliyokatwa kutoka jimbo la Ondo tarehe 1 Oktoba, 1996, mji wake mkuu ukiwa Ado-Ekiti. Haina mafuta, wala haina viwanda vya kutajika. Sifa yake kubwa ni elimu. Mwaka 1955 serikali ya Obafemi Awolowo ilipoanzisha elimu ya msingi ya bure katika Mkoa wa Magharibi, wazazi wa Ekiti waliipokea kwa mikono miwili, na hata leo Wanaijeria husema kwa nusu utani na nusu wivu kwamba hakuna nyumba ya Ekiti isiyokuwa na profesa. Kwa hiyo ni nchi ya walimu, makarani na wastaafu. Mwajiri mkubwa ni serikali. Mkulima huuza viazi vikuu vyake kwa mwalimu, mwenye pikipiki ya abiria, ambayo huko huitwa okada, humpakia karani, na mama wa sokoni hukopesha mpaka mwisho wa mwezi. Mshahara wa serikali ukichelewa, soko zima hulala njaa.

Na mshahara wenyewe hautoki Ekiti. Nigeria huweka mapato ya mafuta na mapato mengine makubwa katika mfuko mmoja, kisha kila mwezi hugawa: serikali ya shirikisho huchukua asilimia 52.68, majimbo yote kwa pamoja asilimia 26.72, na serikali za mitaa asilimia 20.60, baada ya asilimia 13 ya fedha za mafuta kutengwa kwa ajili ya majimbo yanayoyatoa. Jimbo kama Ekiti huishi kwa fungu hilo. Basi gavana, awe wa chama gani, ni mtu apokeaye bahasha kutoka Abuja na kuamua ataifungua vipi. Vyama hushindania ufunguo wa bahasha hiyo. Asiyeliona hilo atadhani kwamba APC na PDP hugombana juu ya mawazo.

Baada ya uchaguzi wa 2014 maneno mawili ya Kiingereza yalienea Nigeria nzima, maana yake kwa Kiswahili ni "miundombinu ya tumbo". Yalisemwa kwa dhihaka: ati Fayemi alijenga miundombinu ya barabara, Fayose akajenga ya tumbo, na watu wakachagua tumbo. Fayose mwenyewe hakuona haya. Aliyachukua maneno hayo akayafanya bendera. Aliteua msaidizi maalumu wa kushughulikia jambo hilo, na wakati wa Krismasi ya mwaka huohuo mchele na kuku viligawiwa kwa wananchi. (Mambo ya kuku, kama inavyoonekana, hayakumwacha mzee huyu.) Alionekana akila mahindi ya kuchoma kando ya barabara, akipanda okada, akizungumza na wauza nyama kwa lugha yao.

Wasomi wengi wa Ekiti, hasa wale waishio Lagos, Abuja na ng'ambo, waliona fedheha kubwa. Kwa maoni yao jimbo la maprofesa lilijiuza kwa kibaba cha mchele. Maoni hayo yaliandikwa sana, kwa kuwa wenye kuyashika ndio wenye kalamu. Lakini waliobaki nyumbani walikuwa na hesabu nyingine, na hesabu hiyo haikuanza na mchele.

Mwaka 2012 serikali ya Fayemi ilitangaza mtihani kwa walimu. Serikali ilisema kwamba nia yake ni kujua mwalimu gani anahitaji mafunzo gani, na kwa kweli matokeo ya mitihani ya shule za sekondari yalikuwa mabaya. Hakuna mzazi ambaye angepinga nia hiyo. Ila walimu hawakusikia neno "mafunzo". Walisikia neno "kufukuzwa". Chama chao kilipinga, na walimu wakaususia mtihani. Mtu aliyefundisha miaka 25, ambaye madaktari na mawakili wa mji ule wamepita mikononi mwake, aliambiwa akae kwenye dawati apimwe. Huenda alistahili kupimwa. Lakini hakuulizwa, wala hakuelezwa kwa lugha ya kumpa heshima yake, na katika nchi ambayo mwalimu ndiye huwaeleza majirani habari za serikali, hilo lilikuwa kosa la bei kubwa. Kura ya mwalimu si moja. Ana mke au mume, ana wazazi kijijini, ana watu wa kanisani au msikitini wamwulizao, "Mwalimu, wewe waonaje?"

Kwa hiyo walipolaumiwa kwamba wamekula mchele, walimu wengi walijibu kwamba wao hawakuula mchele wa mtu. Walikuwa wamekwisha kuamua miaka miwili kabla. Madereva wa okada nao walisema barabara ni nzuri, lakini aliyeijenga hashuki katika gari lake. Na wanawake wa sokoni waliuliza swali ambalo mpaka leo halijajibiwa vizuri na wataalamu wa maendeleo: kandarasi ya barabara ilipewa nani, na kibarua wa barabara alitoka wapi? Ikiwa mkandarasi katoka nje, na mashine zimetoka nje, na faida imerudi nje, basi mwanakijiji amepata njia ya kupita tu, na hana cha kwenda kuuza.

Hayo ni maoni ya watu wenye akili timamu. Ni makosa kuyaita njaa.

Hata hivyo sura ya pili haifai kufichwa. Uchaguzi wa 2014 ulifanyika chini ya askari wengi mno waliopelekwa na serikali ya shirikisho, ambayo wakati huo ilikuwa ya PDP. Mapema mwaka 2015 afisa mmoja wa jeshi alitoa hadharani kanda ya sauti ambayo wapinzani walidai inaonyesha njama za kutumia askari katika uchaguzi ule. Waliotajwa walipinga tafsiri hiyo. Na kabla ya hapo, mwezi Novemba 2014, wajumbe 7 wa PDP katika Baraza la Kutunga Sheria lenye wajumbe 26 walikutana wakatangaza kwamba wamemwondoa Spika, wakati wajumbe 19 wa APC hawakuwamo. Watu 7 wanapojiita baraza la watu 26, ushindani wa vyama umekwisha kuvuka mpaka wa sheria, na hapo hakuna hoja ya mchele wala ya barabara iwezayo kutetea.

Wazee wa Ekiti wanayakumbuka mambo makubwa zaidi ya hayo. Mwaka 1983, wakati Ekiti ikiwa bado ndani ya jimbo la Ondo, gavana Michael Ajasin wa chama cha UPN alishindana na aliyekuwa naibu wake, Akin Omoboriowo, mwana wa Ijero-Ekiti, ambaye alikuwa amehamia chama cha NPN kilichotawala shirikisho. Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Omoboriowo kuwa mshindi. Wananchi hawakukubali. Nyumba zilichomwa na watu wakauawa, mpaka mahakama ilipobatilisha tangazo lile na kumrudishia Ajasin kiti chake. Haikupita miezi mingi. Tarehe 31 Desemba, 1983, jeshi lilitwaa nchi na wote wawili wakawa watu wa historia. Baadhi ya wazee hulinganisha nyakati hizo na za sasa, na kusikitika kwamba zamani kijana aliweza kufa kwa ajili ya kura yake na leo anaiuza. Yafaa wajibiwe kwa heshima kwamba kijana aliyekufa mwaka 1983 hakuwa na bahati kuliko huyu auzaye. Lakini kuna jambo wanaloliona kwa uwazi: mwaka 1983 watu waliamini kwamba chama cha Ajasin ni chama cha shule za bure, na kikianguka, mtoto wao ataanguka nacho. Ni nani leo anaweza kusema chama chake kikianguka kitaanguka na nini?

Mfano mmoja watosha. Segun Oni alitangazwa gavana wa Ekiti kwa tiketi ya PDP mwaka 2007. Fayemi alimshitaki, kesi ikachukua miaka mitatu na nusu, ukarudiwa uchaguzi katika sehemu ya jimbo mwaka 2009, na hatimaye mwezi Oktoba 2010 Mahakama ya Rufani ikampa Fayemi ugavana. Baada ya uhasama huo wote, mwaka 2014 Oni alijiunga na APC, chama cha Fayemi. Baadaye akarudi PDP. Mwaka 2022 akagombea ugavana kwa tiketi ya SDP. Vijana waliopigana mitaani kwa ajili yake na dhidi yake kati ya 2007 na 2010 walibaki na makovu, na viongozi wakakutana katika chama kimoja wakicheka pamoja.

Sasa turejee kwenye mshahara. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100; mwanzoni mwa 2016 bei ilishuka chini ya dola 30. Bahasha ya Abuja ikawa nyembamba. Majimbo mengi yalishindwa kulipa wafanyakazi wake, na mwaka 2015 serikali ya shirikisho ililazimika kuyapa majimbo fedha za kuyaokoa. Katika Ekiti, gavana aliyekuja kwa ajili ya tumbo alijikuta hana cha kulitia. Mishahara ya walimu na makarani ikalimbikizwa mwezi baada ya mwezi, na wastaafu wakazidi kusubiri.

Katika jimbo jirani la Osun, lililokuwa chini ya APC, njia nyingine ilitumika tangu 2015. Watumishi wa ngazi ya chini, ya 1 hadi ya 7, walilipwa mshahara kamili. Wa ngazi za kati asilimia 75. Na wa ngazi za juu, kuanzia ya 12, nusu. Kwa mtazamo wa haki mpango huo una hoja yake, kwani anayepata kidogo ndiye asiyepunguziwa. Lakini mwalimu mkuu anayelipa karo ya watoto watatu chuoni hakuuona hivyo. Mwezi Septemba 2018 wananchi wa Osun walipokwenda kupiga kura, Ademola Adeleke wa PDP alimtangulia Gboyega Oyetola wa APC kwa kura 353 tu. Tume ikasema uchaguzi haujakamilika, kura zikarudiwa katika vituo 7, na Oyetola akatangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 482. Oyetola alilipa mishahara kamili. Lakini mwaka 2022 Adeleke alimshinda kwa kura 403,371 dhidi ya 375,027, baada ya kundi la gavana aliyemtangulia Oyetola kugombana na lake ndani ya APC. Kwa hiyo wale wasemao kwamba mfanyakazi hupiga kura kwa kutazama mshahara peke yake wanarahisisha mno. Malimbikizo ya zamani hayasahauliki kwa sababu mwezi huu umelipwa.

Ekiti ilipiga kura tena tarehe 14 Julai, 2018. Katiba haikumruhusu Fayose kugombea tena, akamsimamisha naibu wake, Profesa Kolapo Olusola. Fayemi, aliyekuwa waziri katika serikali ya shirikisho ya APC, alijiuzulu akarudi kugombea. Safari hii Abuja ilikuwa mikononi mwa chama chake, na polisi 30,000 walitangazwa kupelekwa katika jimbo hilo dogo. Siku tatu kabla ya kura Fayose alijitokeza na mkanda wa shingoni, akisema kwamba polisi wamempiga. Mambo ya 2014 yakajirudia, ila waliokuwa wakilalamika wakati ule ndio sasa waliosema kwamba askari wamekuja kulinda amani, na waliokuwa wakiwasifu askari ndio sasa waliolia. Mwananchi wa kawaida aliyesikiliza pande zote mbili katika muda wa miaka minne hakuhitaji mwalimu wa siasa.

Na hapo ndipo msemo wa Kiyoruba ulipoenea: "Dibo ko sebe", yaani piga kura upike mchuzi. Waangalizi na waandishi wa habari walieleza jinsi mawakala wa vyama vikubwa vyote viwili walivyokaa karibu na vituo, mpiga kura akiionyesha karatasi yake kabla ya kuitumbukiza ili wahakikishe alipotia dole gumba, kisha akaenda kando kupokea naira 3,000 mpaka 5,000. Kima cha chini cha mshahara wakati huo kilikuwa naira 18,000 kwa mwezi. Yaani kura moja ilikaribia robo ya mshahara wa mfagiaji. Fayemi alishinda kwa kura 197,459 dhidi ya 178,121, akichukua wilaya 12 kati ya 16.

Juu ya fedha hizo maoni ya watu wa Ekiti yaligawanyika sana. Wako waliosema fedha ni zao wenyewe, zimeibwa miaka minne na zinarudi siku moja, basi asiyepokea ni mjinga. Wako waliopokea kwa wote wawili wakapiga kura kwa dhamiri zao, na hawa hujisifu kwa werevu, ingawa aliyeonyesha karatasi hakuwa na nafasi ya werevu huo. Na wako watumishi waliosema kwa uchungu kwamba mtu ambaye hajalipwa miezi kadhaa hana haki ya kuhubiriwa juu ya naira 5,000. Hoja hii ya mwisho ni nzito kuliko zote, na wahubiri wengi huikwepa. Mkono mtupu haulambwi, na serikali iliyokuja na mkono mtupu kwa mwalimu haikuwa na uso wa kumwambia asitazame mkono wa mwingine.

Pamoja na hayo, hesabu ni hesabu. Naira 5,000 zikigawanywa kwa siku za miaka minne hazifiki naira 4 kwa siku. Na aliyenunua hana deni. Akishaapishwa, mwalimu akienda kudai malimbikizo yake atakuta mlango wa mtu ambaye amekwisha kulipa. Mwaka 2014 mwalimu wa Ekiti, hata kama alikosea, alimwadhibu gavana kwa neno alilolisema, na gavana akajua ameadhibiwa kwa nini. Fayemi aliporudi mwaka 2018 hakurudi na mtihani. Aliyeuza kura yake siku ya Julai 2018 hakumfundisha mtu chochote.

Tarehe 18 Juni, 2022, ilikuwa zamu nyingine. Mitambo ya kutambua alama za vidole na sura za wapiga kura ilitumika, matokeo yakatangazwa upesi, na Abiodun Oyebanji wa APC akapata kura 187,057. Segun Oni, na chama chake kipya, 82,211. Na PDP ya Fayose, 67,457. Habari za kununua kura zilisikika tena. Walioandikishwa walikuwa watu 989,224. Waliopiga kura walikuwa takriban 360,000. Wengine miongoni mwa waliobaki hawakuwa wamechukua kadi zao, lakini wengi walikuwa nazo mfukoni, na vituo vilikuwa karibu, na fedha zilikuwapo. Hawakwenda.